Monita Inapohesabu Moyo Ikidhani ni Pumzi

Mtoto njiti husahau kupumua. Hajaambukizwa ugonjwa, wala mama yake hana kosa. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa, kwa hiyo anapumua vizuri kwa dakika kadhaa, kisha kifua kinatulia. Mara nyingi huanza tena mwenyewe baada ya sekunde tano au kumi. Lakini pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi kuliko huo huku moyo ukipungua kasi na midomo ikibadilika rangi, mtoto anahitaji mkono wa mtu: asuguliwe mgongo, aguswe unyayo, na ikishindikana apewe hewa kwa mfuko na kinyago. Dawa ipo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 kuhusu watoto njiti yanataja kafeini. Lakini msaada wa ghafla hauwezi kuanza mpaka mtu ajue kwamba pumzi imekatika.

Nani atajua saa tisa usiku? Katika hospitali kama Mkomaindo, pale Masasi mjini, kusini mwa Tanzania, swali hilo lina uzito wake. Ndanda, kwa Wabenediktini, ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ina hospitali yake ya wilaya, yenye mahitaji yale yale. Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko Mtwara mjini, kilomita 200 hivi kutoka Masasi. Mtoto wa kilo moja na nusu hasafirishwi umbali huo kwa sababu tu pumzi yake imesitasita mara mbili. Atabaki pale alipozaliwa, na uhai wake utategemea muuguzi wa zamu pamoja na kile kisanduku chenye skrini kando ya kitanda.

Kisanduku hicho huonyesha namba ya mapigo ya moyo, namba ya oksijeni na namba ya pumzi. Tumezoea kuzisoma kana kwamba zote zina uzito mmoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Namba ya moyo husomwa kutoka kwenye umeme unaozalishwa na moyo wenyewe, elimu ambayo Willem Einthoven wa Leiden aliijengea msingi na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1924. Namba ya pumzi haina asili ya namna hiyo. Ni matokeo ya hesabu ya kutoa, na hesabu hiyo huharibika zaidi katika dakika ileile ambayo mtoto anaihitaji.

Tuanze na kinachopimwa. Monita ya kawaida haiweki bomba puani wala kikombe mdomoni. Inatumia vibandiko vilevile vya kifuani vinavyosoma umeme wa moyo. Kupitia viwili kati ya hivyo hupitisha mkondo mdogo sana wa umeme, chini ya miliampea moja, unaobadili mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili neva na moyo visiuhisi. Kisha hupima kifua kinaukinza mkondo huo kwa kiasi gani. Hewa haipitishi umeme, ilhali damu, yenye chumvi ndani yake, huupitisha vizuri. Mapafu yakijaa, ukinzani hupanda. Hewa ikitoka, hushuka. Monita huchora kupanda na kushuka huko, ikahesabu vilele, ikaandika namba.

Lakini kifuani pumzi haiko peke yake. Kila pigo la moyo husukuma damu na kulisogeza pafu lililo jirani, na ukinzani hubadilika tena. Jumla ya ukinzani kati ya vibandiko viwili, ngozi ikiwemo, ni mamia ya omu. Badiliko la pumzi ni la omu moja hivi, na mara nyingi pungufu. Badiliko la moyo ni takriban sehemu ya kumi ya hilo. Mashine, basi, inatafuta kitu kidogo ndani ya kikubwa, na ndani ya kidogo hicho kuna kingine kidogo zaidi chenye mdundo wake. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja kwa zamu, aliye nje ya ua husikia mlio mmoja. Atakayeweza kuutenganisha ni yule anayejua mchi wa nani ni mzito na nani ana haraka zaidi.

Kwa mtu mzima aliyelala, uzito na haraka vinatosha. Anapumua mara 15 kwa dakika, moyo unapiga 75. Kasi moja ni mara tano ya nyingine. Kichujio cha kawaida cha elektroniki hukata kila kinachokwenda haraka kuliko kiwango fulani, moyo ukaondoka, pumzi ikabaki. Njia hii ni ya zamani, ni rahisi, na imo ndani ya mashine nyingi.

Kwa mtoto mchanga uwanja ni finyu. Anapumua kati ya 40 na 60, moyo wake unapiga kati ya 120 na 160. Akiugua, anaweza kupumua 80 huku moyo ukienda 165, yaani tofauti ya mara mbili tu. Tena wimbi la pumzi halina umbo laini, kwa sababu uvutaji na utoaji wa hewa havilingani kwa urefu wala kwa kasi. Kihisabati, wimbi la namna hiyo hubeba ndani yake mawimbi madogo yanayokwenda mara mbili, mara tatu na mara nne ya kasi ya asili. Anayepumua mara 80 ana kizidishi chake cha kwanza kwenye 160, karibu kabisa na moyo. Ukikata hapo umelikata umbo la pumzi pamoja na moyo. Usipokata, umeuacha moyo ndani. Hakuna kichujio cha mpaka mmoja kitakachomaliza ugomvi huo, hata kiwe cha bei gani.

Sasa tuiangalie dakika yenyewe. Tuseme mtoto wa wiki 30 amelala, moyo 145. Mstari wa pumzi unachora vilima vikubwa vyenye mabega, 48 kwa dakika, kimoja kirefu, kingine kifupi, kama ilivyo kawaida ya njiti. Halafu vilima vinakoma. Mstari haulali chini ukanyooka kama mtu anavyotegemea. Unabaki na vijilima vidogo, vya urefu unaolingana, vyenye nafasi sawa kati yao. Huo ni moyo. Baadhi ya monita hujirekebisha zenyewe zikiona wimbi limefifia: huongeza ukuzaji ili lionekane vizuri, na vijilima vinajaa skrini. Oksijeni inaanza kushuka. Moyo nao, kwa kukosa oksijeni, unapunguza mwendo: 120, 100, 85. Kadiri unavyopungua ndivyo unavyoingia katika eneo la kasi ambalo mashine imeambiwa kuwa ni la pumzi. Namba ya pumzi inasomeka 85. Kengele ya pumzi iko kimya, kwa sababu kwa hesabu ya mashine mtoto anapumua, tena kwa haraka.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halitokei ovyo. Kosa la ovyo muuguzi hulizoea na kulipuuza. Hili huja likiwa limeongozana na hatari, na huja likiwa na sura ya usalama. Watengenezaji wanalijua, wapo walioweka kinga ya kukataa kuhesabu pumzi pale kasi yake inapolingana na ya moyo. Kinga hiyo inafaa, ila nayo hupiga kengele za uongo kwa mtoto anayepumua kweli, na wodi yenye kengele za uongo nyingi huishia kupunguza sauti. Sina neno la kumlaumu muuguzi anayefanya hivyo akiwa na watoto wengi mbele yake.

Je, hesabu hiyo inaweza kufanywa vizuri zaidi? Inaweza, na njia ninayoiona ya kufaa kuliko zote kwa hospitali zetu ilielezwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliokuwa wakichunguza kukatika kwa pumzi kwa watoto njiti. Waliona kwamba kinachoufanya moyo uwe mgumu kuuchuja ni kwamba haukai kwenye kasi moja: unapanda, unashuka, na unapoelekea kwenye hatari unashuka sana. Kichujio kilichopangwa kwa 140 hakifai ukifika 85. Wakabadili saa. Badala ya kulipima wimbi la ukinzani kwa sekunde, walilipima kwa mapigo: kila nafasi kati ya pigo na pigo, iwe ndefu au fupi, ikapewa urefu mmoja. Katika saa hiyo mpya moyo hauna tena kupanda wala kushuka; unapiga mara moja kwa kila kipimo, sawasawa. Kitu cha kasi moja isiyobadilika huondolewa kwa urahisi. Baada ya kuuondoa, walilirudisha wimbi kwenye sekunde za kawaida, na kilichobaki kilikuwa pumzi, au ukimya wake.

Uzuri wake kwetu ni kwamba haidai kifaa kipya. Vibandiko ni vilevile, umeme wa moyo ulishapimwa tayari. Kinachoongezwa ni programu. Haidai pia kwamba mtoto atulie. Udhaifu wake nao tuuseme: inategemea kuliona kila pigo bila kukosea, na kibandiko kikilegea, saa yenyewe inaharibika.

Zipo njia nyingine. Ya wastani hukusanya mawimbi mengi, ikayapanga yote yaanzie kwenye pigo, ikayajumlisha. Pumzi, kwa kuwa haifuatani na pigo, hufutika, na umbo la moyo hubaki. Ni nzuri kwa mtafiti anayetaka kuusoma moyo, lakini humeza mapigo mengi ili kutoa jibu moja, na mtoto ambaye pumzi yake imekatika kwa sekunde 20 hana nafasi hiyo. Kuna kumwambia mgonjwa azuie pumzi kidogo, jambo lisilowezekana kwa mchanga wala kwa mtu mzima mwenye nimonia. Na kuna ile ya kuzungusha mkanda wa elektrodi nyingi kifuani na kutengeneza picha ya mapafu kwa umeme, kazi iliyoanzishwa na David Barber na Brian Brown wa Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1980. Picha hiyo humwonyesha daktari hewa inaingia upande gani na damu inapita wapi, na ukiwa na njia nyingi za kusoma, hesabu ya kutenganisha inapata ushahidi mwingi zaidi. Ni teknolojia ninayotamani ifike kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali zetu za kanda. Kwa wodi ya watoto ya wilaya bado ni mbali.

Tatizo hili lina upande wake wa pili, ambapo anayetafutwa ni moyo na anayesumbua ni pumzi. Mwaka 1966 William Kubicek na wenzake wa Minnesota, wakifanya kazi iliyohusu wanaanga wa NASA, walieleza namna ya kukadiria damu inayotolewa na moyo kwa kila pigo kwa kutumia ukinzani wa kifua, bila sindano. Fikiria faida yake kwa mjamzito mwenye shinikizo la damu, au kwa aliyepoteza damu wakati wa kujifungua. Lakini hapo pumzi ni takriban mara kumi ya kinachotafutwa, na hata damu yenyewe hubadilika: yenye chembe nyekundu chache hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko damu ya mtu mzima wa afya. Katika eneo la malaria, upungufu wa damu ni jambo la kila siku, na kanuni iliyopangwa kwa damu ya mwanaanga haiwezi kuhamishiwa kwa mama huyo bila kupimwa upya.

Afrika Mashariki hatukukaa kutazama tu. Jijini Nairobi, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na baadaye Pumwani, watafiti walivipima vifaa vya kufuatilia watoto wachanga kwa kuvilinganisha na kifaa cha rejea kwa watoto wa hapahapa. Kimojawapo huwekwa chini ya godoro na kusoma mtikisiko wa mwili, na ndani ya mtikisiko huo pumzi na moyo vimechanganyika vilevile, ila bila umeme. Walichokuta kinafundisha: upande wa moyo ulikuwa mwepesi kukubaliana, upande wa pumzi ukawa mgumu, na hata kifaa cha rejea chenyewe kilionyesha pumzi ya mtoto mmoja ikibadilika sana ndani ya muda mfupi. Mtoto mchanga hana kasi moja ya kupumua ambayo mashine ingepaswa kuigonga.

Haydom, mkoani Manyara, walikwenda njia nyingine. Katika utafiti wa Safer Births ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano na Wanorwe, kilikuzwa kifaa kinachoitwa NeoBeat: upinde mdogo wenye elektrodi kavu unaobanwa kwenye kiwiliwili cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, ukasoma umeme wa moyo ndani ya sekunde chache. Hakijaribu kusoma pumzi. Pumzi anaachiwa mkunga, kwa macho. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kifaa hicho kimetumika kuchunguza tatizo la watoto wanaoandikwa kuwa wamezaliwa wafu ilhali moyo bado unapiga. Naiona busara kubwa katika kukataa huko kusoma pumzi: kifaa kinachosema jambo moja kwa uhakika kina thamani wodini kuliko kinachosema mambo matatu huku moja likiwa la kubahatisha.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa miongozo ya vifaa hawajalipa uzito wake. Monita nyingi zilibuniwa kwa mtoto aliyelala peke yake ndani ya inkubeta. Mtoto njiti wa kwetu anatakiwa alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza matunzo ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto aimarike, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Hakuna mashine katika makala hii iliyokaribia matokeo hayo, na wala hatuna sababu ya kumtoa mtoto pale ili mashine ipate raha. Lakini kifua cha mama nacho kinapanda na kushuka mara 15 au 20 kwa dakika, kikivitikisa vibandiko vya mtoto. Mtoto akinyonya, mdundo mwingine unaongezeka. Sasa kuna pumzi ya mtoto, moyo wa mtoto na pumzi ya mama katika waya mmoja. Njia ya saa ya mapigo itaondoa moyo wa mtoto. Pumzi ya mama haitaigusa. Kifaa kinacholetwa Mkomaindo au Newala kingepaswa kuwa kimepimwa mtoto akiwa ndani ya kanga ya mama yake, na muuzaji aulizwe hilo kabla ya bei.

Kuna pia aina ya kukatika kwa pumzi ambayo utenganishaji wowote, hata uwe kamili, hautaigundua. Shingo ya mtoto ikikunjika au koo likiziba, kifua kinaendelea kuhangaika bila hewa kuingia. Ukinzani unaona kifua kinasogea na kuandika pumzi. Hapo ngao ni oksimita, ile inayofungwa mguuni. Nayo ina mipaka yake: huchelewa kwa sekunde kadhaa, maana oksijeni ya damu haishuki papo hapo, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi ilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Umeme unaopita kifuani hauna upofu huo wa rangi ya ngozi. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema tuiache njia ya ukinzani na kubaki na oksimita pekee. Vifaa hivi viwili hukosea kwa sababu tofauti, na hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuviweka pamoja.

Mengine ni ya mazingira, na fundi wa vifaa tiba anayajua bila kuambiwa: joto na jasho vinavyolegeza vibandiko, vibandiko vya kutumika mara moja vinavyorudiwa kwa sababu vimekwisha stoo, umeme unaokatika na kurudi. Kila kimoja huongeza ukinzani wa ngozi au kuuyumbisha, na kile kidogo tulichokuwa tunakitafuta hupotea kabisa. Ununuzi wa monita usiohesabu vibandiko vya mwaka mzima ni ununuzi wa samani.

Na mtu je? Kwa nimonia ya watoto, WHO imeweka mipaka inayojulikana hadi zahanati ya kijijini: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 40 kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano. Huhesabiwa kwa dakika nzima, nguo imepandishwa, mtoto ametulia. Jicho lina faida ambayo mashine inahangaika kuipata: linaona mbavu zikivutwa ndani, linaona tumbo likipanda, wala halichanganyi kupanda huko na mtikisiko wa moyo. Linachokosa ni kutochoka. Haliwezi kumtazama mtoto mmoja saa 24, na kazi hiyo ndiyo tunayoikabidhi mashine.

Kwa hiyo wanaonunua, yaani halmashauri, Bohari ya Dawa na wafadhili, pamoja na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inayosajili vifaa tiba, wadai mambo ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi. Monita ionyeshe wimbi lenyewe la pumzi, isiwe namba tupu, ili muuguzi aweze kukiona kile kimstari cha vijilima sawasawa na kukitambua. Ukuzaji wa kujirekebisha uweze kuzimwa. Muuzaji aeleze kwa maandishi moyo unaondolewaje kwenye hesabu ya pumzi, na nini hutokea moyo wa mtoto ukishuka chini ya 100. Vyuo vya Masasi vinavyofundisha matabibu na wauguzi viwafundishe wanafunzi kulisoma wimbi hilo kama wanavyofundishwa kusoma kipimajoto. Na mpaka vifaa hivyo vitakapopimwa kwa watoto wa kwetu, wakiwa vifuani kwa mama zao, namba ya pumzi kwenye skrini isitumike peke yake kuamua kwamba mtoto njiti yuko salama: oksimita ibaki mguuni, na kila zamu mtu amhesabie pumzi kwa macho kwa dakika nzima.